Chumba Kilichozibwa kwa Uji wa Ngano

Mume wangu alikiziba chumba chetu kwa uji wa ngano na karatasi za mifuko ya saruji, na aliifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu kuziba ndiko kulikokuwa kazi yake. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani kwamba kulikuwa na mtu mbaya katika habari hii. Hapakuwa na mtu mbaya. Tulikuwa watu wazima watatu tuliompenda mtoto mmoja, na tulikaribia kumuua.

Mimi na mume wangu tulizaliwa milimani, Mbulu. Nyumba aliyonizalia mama yangu ilikuwa tembe la zamani, limechimbiwa kwenye mteremko, paa lake la udongo, fupi kiasi kwamba mgeni aliingia ameinama kama anayesali. Ng'ombe walilala upande mmoja na sisi upande wa pili. Haikuwa na dirisha hata moja. Lakini mchana, ukilala chali, uliona nyuzi za mwanga zikipita kati ya miti ya paa na ukuta, na moshi wa kuni ukipanda kuzitafuta nyuzi hizohizo. Hakuna aliyeitoboa nyumba ile ili ipumue. Ilipumua kwa sababu udongo ukikauka huacha ufa, na hakuna mkono unaoweza kuuzuia.

Tulipooana tulishuka uwanda wa Hanang, kwenye shamba la ngano la serikali, ambako mume wangu alikuwa amepata kazi ya ghala. Tukapewa kota ya vyumba viwili. Ilikuwa nyumba ya matofali ya saruji, imepigwa lipu ndani na nje, bati juu na singibodi chini ya bati, madirisha ya vioo yenye fremu za chuma. Juu ya kila dirisha palikuwa na tofali lenye matundu manne. Siku ya kwanza nilidhani fundi aliishiwa na saruji.

Naomba niieleze kazi ya ghala. Ngano ikikaa huingiwa na fukusi, na dawa ya fukusi ni vidonge vinavyotoa hewa ya sumu. Kabla ya kuviweka, mume wangu na wenzake waliziba kila ufa wa ghala. Walikata karatasi vipande virefu, wakavipaka uji mzito wa ngano, wakavibandika kwenye milango, kwenye maungio ya mabati, kila mahali. Alikuwa akiniambia, "Tundu la sindano linatosha kuwaokoa fukusi mia." Baada ya siku kadhaa waliifungua milango yote, wakasimama upande unakotokea upepo, wakangoja. Kila kilichokuwa kikipumua humo ndani kilikuwa kimekufa. Aliporudi nyumbani siku kama hizo aliniomba maji ya kunawa kabla hajanigusa.

Nilijifungua binti mwezi wa saba, kombaini za kuvunia ngano zikiwa mashambani. Anayejua uwanda ule anaujua upepo wa mwezi wa saba. Haupumziki. Hutoka mlimani ukapita juu ya mabua ya ngano, na wakati wa mavuno hubeba vumbi na pumba, ukaviingiza kwenye chungu, kwenye nywele na kwenye macho ya mtoto.

Mama mkwe alifika kwa lori siku ya tatu, amebeba kibuyu cha samli, unga wa mtama, na kuku jike mwekundu wa supu yangu. Nilimwamkia shikamoo nikiwa kitandani, akaniitikia huku macho yake yakizunguka kutani.

"Nyumba hii ina macho mengi," alisema.

"Ni madirisha, mama," mume wangu alijibu.

"Madirisha nayajua. Na yale matundu kule juu?"

"Ya hewa."

"Hewa huingia mlangoni pamoja na watu. Yale ni ya upepo." Alinyoosha kiganja chake chini ya dirisha, akakiacha hapo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wawili nimewazika kwa kifua kabla hujazaliwa. Unajua. Wote wakati wa baridi."

Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani mpaka siku zake zitimie. Haanikwi juani, mtoto haonyeshwi wageni, na kizingiti havuki isipokuwa kwenda chooni, tena akiwa amefunikwa, asubuhi na mapema au jua likizama. Nilikuwa nimelelewa katika kanisa na nilijua kwamba uhai wa mtoto uko mikononi mwa Mungu, si kwenye kizingiti. Lakini nilikuwa mzazi kwa mara ya kwanza, na hofu ya mwanamke aliyezika watoto wawili ni hofu inayoambukiza.

Jumapili baada ya ibada mume wangu alikoroga uji wa ngano. Alisimama juu ya kiti na mama yake akamshikia sufuria. Alibandika karatasi kwenye matundu manne, kwenye fremu ya dirisha pande zote, kwenye ufa wa singibodi, kwenye kona ambayo nisingeiona kama ina ufa. Kisha akapigilia blanketi juu ya kioo. Mwisho aliwasha kiberiti akaupitisha mwali kandokando ya ukuta, kama walivyofanya ghalani. Mwali haukutikisika.

"Hapa hata fukusi hapiti," alisema.

Mama yake alicheka kwa furaha. Nami nilicheka, nikamshukuru Mungu kwa mume anayejua kazi.

Jiko letu la kuni lilikuwa kibanda cha nyuma, na pumba zilikuwa zikiingia kwenye chakula. Tena kuni zilikuwa za shida, maana uwanda wote ulikuwa umelimwa. Watu wa kota tulinunua mkaa. Mama mkwe hakuwa ameuzoea mkaa, na alipouona ukiwaka aliuinamia akautazama kwa heshima.

"Moto huu una adabu," alisema. "Hauwalizi watu."

Huko Mbulu moshi ndio uliokuwa ukitufukuza nje. Ukiwashwa moto mkubwa macho yakawaka, mtu alikohoa, akaufungua mlango, akatoka. Sasa tulikuwa na moto usiotoa moshi, na kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuutafutia njia. Mama mkwe alilihamishia jiko la mkaa chumbani kwangu. Alipika humo, akanikanda kwa maji ya moto humo, akasukumia kitambaa chini ya mlango, kisha akaketi ameegemeza mgongo kwenye mlango huohuo ili upepo usipenye. Mume wangu, kama desturi ilivyotaka, alilala sebuleni.

Siku ya pili baada ya chumba kuzibwa, kichwa kiliniuma. Siku ya tatu kilipiga kama kuna mtu anayetwanga ndani yake. Nilitapika uji wa mtama wenye samli, chakula nilichokipenda tangu utotoni. Mama mkwe naye alijifunga kanga kichwani na kuulaumu upepo wa uwanda. "Mnaishi huku vipi?" aliuliza, akaongeza mkaa.

Nililiona jambo moja, nikalielewa vibaya. Kila nilipotoka kwenda chooni, kichwa kilipoa. Nikirudi chumbani, maumivu yaliningoja palepale. Mtu mwingine angesema shida iko kwenye chumba. Mimi nilisema kuna kitu chumbani. Nililala nikiwa nimemkumbatia mtoto, nikikitazama kipande cha giza chini ya kabati, nikasali zaburi zote nilizozijua kwa moyo, na katikati ya zaburi nilisahau maneno. Hilo lilinitisha kuliko yote. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na maneno hayo niliyajua kabla ya kujua kusoma. Niliogopa kwamba Mungu ameanza kuyachukua.

Siku ya tano yule kuku mwekundu alikutwa amekufa. Alikuwa amefungwa kwenye kona, karibu na jiko, akingoja siku ya supu. Hakuwa na jeraha. Alilala ubavu, jicho limefunguka.

"Kuku hafi bure," mama mkwe alisema. "Kuna mtu amemtazama."

Nilijua anamsema nani. Kila siku mchana alikuja mama mmoja wa wafugaji kutoka upande wa Getanuwas, mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, akatuuzia maziwa. Yeye na mama mkwe walikuwa wakitaniana mlangoni kwa namna ambayo haikuwa utani mtupu.

"Maziwa yako leo yana maji," mama mkwe alimwambia.

"Ng'ombe wangu anakunywa maji, bibi. Wako anakunywa nini?"

"Simama hapohapo. Usivuke."

"Sivuki. Mzazi wako hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona simsikii? Umemweka akiba kama ngano? Au unaogopa panya?"

Mama mkwe alifunga mlango. Alikuja akaketi mahali pake. "Anamuulizia sana," alisema. Siku hiyo alimkatalia mtoto hata kupelekwa sebuleni kwa baba yake.

Siku ya saba walivuna kipande kilichokuwa nyuma ya kota zetu. Tangu asubuhi kombaini zilipita na kurudi, na vumbi lilitanda hata mlima haukuonekana. Mume wangu alikuwa ghalani. Mama mkwe aliteleka maharage kwenye lile jiko la chumbani, maana yale magumu huhitaji moto wa muda mrefu, akajaza mkaa mpaka juu, akasukuma kitambaa chini ya mlango, akaegemea. Alimwimbia mtoto kidogo. Sauti yake ilipungua, nami nikadhani amenyamaza ili nilale. Nikalala.

Niliamka sijui baada ya muda gani. Kombaini ilikuwa bado ikinguruma. Mama mkwe alikuwa ameketi palepale, kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi. Nilimwita. Nikamwita tena. Nikamgeukia mtoto. Midomo yake ilikuwa myekundu, uso wake mzuri kuliko siku zote, na kwa kitambo kidogo nikafurahi. Kisha nikampa ziwa, na hakulishika. Nikamfinya kisigino. Hakulia.

Nilitaka kusimama. Miguu haikuwa yangu. Nilianguka kando ya kitanda, mtoto kifuani, nikalala nikitazama juu, na nilichokiona ni karatasi za mume wangu. Zilikuwa zimekauka vizuri, zimenyooka, hazina hata kiputo. Nikasikia maneno yake yale ya tundu la sindano. Wala sikuisikia sauti ya malaika. Nilisikia sauti ya mume wangu akieleza kazi yake, na nikaelewa kwamba fukusi ni sisi.

Kuelewa hakukunipa nguvu. Kulinipa hofu tu, na naamini hofu hiyo ndiyo rehema niliyopewa saa ile. Nilijaribu kung'oa karatasi iliyokuwa karibu, ya chini ya dirisha. Ukucha ulikatika, karatasi ikabaki. Nikajua ni mlango tu. Na mlangoni alikuwa ameketi mama mkwe, na nje ya mlango kulikuwa na jua, na vumbi, na siku zangu zilikuwa hazijatimia. Nakiri kwamba hata pale, mtoto akiwa amelegea kama nguo iliyolowa, kuna sehemu ya moyo wangu iliyouliza kama nina ruhusa.

Nilitambaa. Nilimshika mama mkwe kwenye kifundo cha mguu nikamvuta upande. Alisogea kidogo. Nikavuta tena kwa mikono miwili, mtoto nimemlaza sakafuni, na hilo la kumwacha sakafuni sijalisahau mpaka leo. Nikauvuta mlango, ukafunguka upana wa kiganja. Nilimsukuma mtoto mpaka pua yake ikawa kwenye ule ufa, na nguvu zangu zikaishia hapo. Nilitaka kuita, lakini sauti haikutoka. Mguu wangu uligusa sufuria ya maharage, nikaipiga teke. Ikaanguka na kifuniko chake, ikatoa kelele kubwa, na maharage ya moto yakaniunguza wayo. Kovu ninalo.

Upande wa sebuleni nikasikia bangili.

Yule mama wa maziwa alikuwa mlangoni mwa nje na kibuyu chake. Alikuwa ameambiwa mara saba asivuke. Alivuka. Aliusukuma mlango wa chumba kwa bega, akapokewa na ile hewa, akarudi nyuma huku akitema mate, kisha akaingia akiwa ameziba pua kwa nguo. Alimchukua mtoto kwanza. Akanivuta mimi kwa kwapa. Akarudi kumvuta mama mkwe, aliyekuwa mzito kuliko sisi wote, akimkaripia kwa lugha yake ambayo sikuijua.

Tuliwekwa nje ukutani, kwenye jua, katika vumbi la ngano. Mtoto alikuwa kwenye mapaja ya yule mama, uso ukiwa juu. Alimpulizia usoni. Akachovya kidole kwenye maziwa, akampaka midomoni, akampulizia tena. Nimeishi miaka mingi na nimengoja mengi, mvua, barua, majibu ya hospitali. Sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale. Nilijua tangu utotoni kwamba mtu wa kwanza aliumbwa kwa udongo kisha akapuliziwa pumzi. Sikuwa nimewahi kufikiri juu ya kitambo kile kilichokuwapo katikati, alipokuwa ameshaumbwa lakini hajapumua.

Mtoto akapiga chafya. Vumbi la ngano lilikuwa limemwingia puani. Kisha akalia, sauti nyembamba kama ya mwana-mbuzi, na sikumnyamazisha.

Mama mkwe alitapika, akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto yuko juani." Akanyoosha mkono kuvuta kanga amfunike. Yule mama akaushika mkono huo.

"Mwache, bibi."

"Upepo utamuua."

"Upepo ndio umemrudisha. Kaa."

Mama mkwe alikaa. Aliutazama mkono wa shaba uliomshika, akamtazama mtoto anayelia kwenye mapaja ya mtu aliyemwogopa siku zote zile, akafunika uso wake mwenyewe kwa kanga ile.

Jirani alikimbia kumwita mume wangu, naye alikuja na muuguzi wa zahanati. Muuguzi alituangalia macho, akamsikiliza mtoto kifuani kwa muda mrefu, kisha akaingia chumbani na kutoka upesi. Alitueleza polepole kwamba mkaa hutoa hewa isiyoonekana wala kunusika, nayo huingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa njema, na kwamba kuku alikufa kwa hiyo. "Matundu yale hayakuwekwa kwa urembo," alisema. "Na jiko la mkaa halilali na watu, hata kama matundu yapo."

Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba akiziangalia karatasi zake. Baadaye alichukua kisu, akapanda kwenye kiti kilekile, akaanza kukwangua. Uji wa ngano ukikauka ni kama saruji. Alikwangua mpaka giza likaingia na hakuwa amemaliza. Alisema neno moja tu siku ile, akiwa amenipa mgongo.

"Nilipitisha kiberiti."

Nilimwambia najua.

Siku zangu zilizobaki nilizikaa ndani kama desturi, dirisha likiwa wazi na kanga imetundikwa badala ya blanketi. Jiko lilirudi kibandani, na maharage yakaliwa na pumba zake. Kila siku niliogopa kwamba mtoto atashikwa na kifua, na nikaogopa vilevile kulifunga dirisha. Mama mkwe hakunena juu ya kizingiti nilichokivuka. Lakini kesho yake yule mama wa maziwa alipofika, alimwekea kigoda ndani, sebuleni, akampa uji wenye samli.

"Leo maziwa yako hayana maji?" alimuuliza.

"Yanayo. Nimekuwekea wewe."

Wakacheka, na safari hii ulikuwa utani mtupu.

Miaka ikapita. Mume wangu alimjengea mama yake nyumba ya matofali kule Mbulu. Wanasema mama mkwe aliketi kwenye kigoda tangu msingi mpaka paa, na fundi alipotaka kuyaziba matundu ya juu kwa sababu ya baridi, alimwambia, "Ziba, kisha ulale humo wewe na jiko la mkaa, nami nitakuja asubuhi kukuangalia." Alikufa mzee sana, dirisha likiwa wazi, akilalamika kwamba anasikia baridi na akikataa lifungwe. Mume wangu naye ametangulia. Nawashukuru wote wawili. Mungu hakutudai kwa kadiri ya makosa yetu.

Mimi sasa naishi kwa binti yangu, yuleyule. Ana mvi. Nyumba yake ni nzuri, ina vioo vikubwa, na mara kwa mara hulalamika kwamba nimeacha madirisha wazi na vumbi limejaa kwenye viti. Namwambia nitalifuta. Najua moto wake ni wa gesi na uko jikoni kwenye dirisha pana, na mwenyewe ni mtu mzima aliyesoma kuliko mimi. Hata hivyo, akijilaza kochini mchana baada ya kanisa, mimi siwezi kusoma. Naweka kitabu chini. Naenda taratibu, nanyoosha kiganja changu mbele ya pua yake, kama mama mkwe alivyokinyoosha chake chini ya dirisha, na nangoja.

Hafumbui macho.

"Mama, napumua."

"Najua, mwanangu. Lala."

Lakini mkono siuondoi mpaka nimehesabu pumzi tatu.